Kibodi ndogo inasifiwa kila kona: nami niinunue?

"Habari za kazi, fundi. Mimi ni mfasiri, naishi Mombasa na kazi naifanyia nyumbani. Kutwa naandika Kiswahili na Kiingereza, na kila mwisho wa mwezi namsaidia shemeji yangu kufunga hesabu za duka lake kwenye Excel. Kibodi yangu ni ile ya kawaida ya mpira, ndefu, na sasa herufi ya A imeanza kugoma. Siku hizi natazama sana video za watu waliopokea kibodi mpya ndogo ya mekanika, yenye swichi ya peke yake chini ya kila kitufe, ile wanayoiita ya asilimia 60. Wote wanaisifu: mlio mtamu, imara, mikono haichoki, hii ndiyo ya mwisho hawanunui nyingine. Nimeshawishika, lakini kwangu ni pesa nyingi na lazima iagizwe nje. Je, sifa hizo za siku ya kwanza ni za kuaminika? Nichukue swichi nyekundu, kahawia au buluu, ukizingatia mtoto wangu mchanga analala chumba hicho hicho? Hewa ya chumvi ya huku haitaiua? Na la mwisho: mkono wangu wa kulia siku hizi hufa ganzi usiku, naamka naukung'uta. Kibodi hii itanisaidia?"

Dada, naanza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo pekee lisilofaa kungoja mzigo utoke bandarini. Mkono unaokufa ganzi usiku mpaka ukaamka kuukung'uta hautibiwi kwa kununua kibodi. Kesho ukiamka, angalia ni vidole vipi vilivyokufa ganzi. Kama ni dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete, hiyo ni sehemu ya neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono, kwenye njia nyembamba iliyo kati ya mifupa na ukano mpana. Njia hiyo ikijaa, neva inabanwa. Kama ni kidole cha mwisho, neva ni nyingine kabisa, na mara nyingi inabanwa kwenye kiwiko. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kuvitofautisha kwa kukupima mkono tu, wala huhitaji kwenda na maelezo ya kibodi.

Mwambie pia kwamba una mtoto mchanga. Ganzi ya namna hii huwapata sana wajawazito na waliojifungua karibuni, kwa kuwa mwili hukusanya maji, na mara nyingi matibabu ya kwanza huwa kifaa cha kunyoosha kifundo unachovaa ukilala. Lakini ukiona vikombe vinakuponyoka, au ule mnofu ulio chini ya dole gumba unabonyea kuliko wa mkono wa pili, nenda hospitali wiki hii hii. Hapo mimi fundi sina la kuongeza.

Baada ya kusema hayo, kibodi nayo ina sehemu yake. Kibodi ndefu yenye kipande cha namba upande wa kulia ina upana wa kama sentimita 44. Ya asilimia 60 ina kama sentimita 30. Hizo zilizopungua zote zinatoka upande wa kulia, pale pale unapoweka kipanya, kwa hiyo mkono wa kulia unaacha kutanuliwa kutwa nzima na bega linatulia. Faida hiyo ni ya kweli, na nadhani ndiyo wanayoihisi wale wanaosema mikono haichoki. Tatizo ni kwamba wanaipa sifa swichi, wakati hata kibodi ya mpira ya bei rahisi, mradi haina kipande cha namba, ingewapa nafuu ile ile.

Na kuna hasara ambayo katika video hizo huisikii mara nyingi. Kibodi za mekanika kwa kawaida ni nene. Ukingo wa mbele umeinuka kutoka mezani, kwa hiyo mtu akiegemeza viganja juu ya meza, kifundo kinajikunja kuelekea juu, na mkunjo huo ndio unaoibana zaidi ile neva ya kifundo niliyoitaja. Vimiguu vya nyuma usivisimamishe hata kidogo. Tafuta mto wa viganja, au kipande cha ubao laini chenye kimo sawa na ukingo wa kibodi, au pandisha kiti mpaka mikono ishuke kutoka juu. Ukihama kutoka kibodi yako bapa ya mpira kwenda hiyo nene bila kurekebisha kimo, unaweza kuuzidishia mkono taabu.

Sasa tuje kwenye sifa. Watu wale hawakudanganyi. Wanachokisema wanakihisi kweli, ila wanakipima kwa mizani ambayo si yako. Mpenzi wa kibodi ana nyingi kabatini, na mpya ikifika anailinganisha na hizo. Kwake tofauti ndogo ya mlio ni habari kubwa. Wewe utailinganisha na kibodi ya mpira iliyochoka, na nakuhakikishia kwamba karibu kibodi yoyote ya mekanika iliyotengenezwa kwa uangalifu ingekushangaza siku ya kwanza, iwe hiyo au nyingine ya nusu ya bei. Isitoshe, kwao kibodi yenyewe ndiyo starehe. Ikiwachosha wanaiuza, wanabadilisha swichi, wanaagiza nyingine. Hayo maneno ya "hii ndiyo ya mwisho" husemwa mara nyingi mno katika burudani hiyo mpaka wenyewe wanayafanyia mzaha. Wewe unaagiza moja, na ikikukataa, gharama ya kuirudisha ng'ambo pengine itakula sehemu kubwa ya pesa utakazorudishiwa.

Hata hivyo yapo ambayo siku ya kwanza inayajua vizuri sana. Kitufe kirefu cha nafasi kinachogongagonga kama kimelegea. Maandishi yaliyopinda juu ya vitufe. Kibodi inayoyumba kwa kuwa haikukaa sawa mezani. Tundu la waya lililozama ndani hata waya wako wa kawaida haufiki. Bluetooth inayochelewa kuamka na kumeza herufi ya kwanza. Mtu akilalamikia haya ndani ya saa moja ya kuipokea, mwamini, kwa kuwa hayahitaji muda kuonekana na hayategemei ladha ya mtu. Mimi nikisoma maoni ya mwanzo huruka sifa zote na kutafuta manung'uniko madogo ya namna hiyo. Mtu anayesema "nimeipenda sana, ila kitufe cha nafasi kinapiga kelele upande wa kushoto" amenisaidia kuliko aliyeandika kurasa tatu za furaha.

Tazama zaidi vile vitufe virefu: nafasi, Enta, Shift ya kushoto na kile cha kufutia. Kitufe kifupi kinakaa juu ya swichi moja na kinatosheka. Kirefu kingeinama ukikibonyeza pembeni, kwa hiyo chini yake huwekwa waya wa chuma uliopindwa pande mbili, unaofanya ncha zote zishuke pamoja. Waya huo ukiwa mkavu au umepinda kidogo, unacheza ndani ya plastiki yake na kutoa mlio wa bati. Hapa ndipo viwanda vingi hupunguza gharama, na hapa ndipo mafundi wenye kujali hupaka grisi nzito kidogo. Ni kazi ndogo, lakini ukitaka kujua kibodi ilitengenezwa kwa uangalifu au kwa haraka, bonyeza kitufe cha nafasi katikati, kisha ncha ya kushoto, kisha ya kulia, usikilize kama milio mitatu inafanana.

Kuhusu mlio mtamu wa kwenye video, nakuomba usilipe hata shilingi moja kwa ajili yake. Unachokisikia ni maikrofoni iliyowekwa karibu na kibodi, juu ya zulia nene la meza, kwenye chumba kilichotulia, na mara nyingi sauti imepandishwa. Mlio wa kibodi ni wa kugongana: shina la swichi likifika chini, kitufe kikirudi juu, na mshindo wake ukisambaa kwenye bamba linaloshika swichi na kasha zima. Vitufe vizito vya plastiki ya PBT hutoa mlio mzito, vyembamba vya ABS hutoa mkali. Kasha la alumini lenye uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu, limejazwa sponji, halilii kama kasha tupu la plastiki. Meza yako nayo inaimba. Kibodi ile ile juu ya meza ya mninga na juu ya meza ya chuma ni kama kibodi mbili. Na kabla ya kuamini video yoyote, uliza kama kibodi iko katika hali ya kiwandani au mwenyewe ameshabadilisha swichi, vitufe na kupaka grisi. Wengi hufanya hivyo kwanza, ndipo wanarekodi.

Rangi za swichi zinawachanganya watu wengi, na zitaeleweka tu ukijua kilichomo ndani. Chini ya kila kitufe kuna swichi yake peke yake. Mtindo ulioenea ni MX wa Cherry, kampuni ya Kijerumani iliyoutoa miaka ya 1980. Baada ya hataza yake kuisha, watengenezaji kama Gateron, Kailh na Outemu wakajaa sokoni na swichi za umbo lile lile. Ukiifungua moja utakuta shina la plastiki lenye kichwa cha msalaba, springi, na vibati viwili vyembamba vilivyotiwa dhahabu mahali pa kugusana. Mguu mdogo wa shina unavitenganisha vibati hivyo. Ukibonyeza, mguu unashuka, na ukifika kama milimita 2 vibati vinagusana na herufi inaandikika. Lakini swichi ina nafasi ya kushuka milimita 4. Maana yake herufi inatoka ukiwa nusu ya njia, na nusu iliyobaki ni ya bure.

Kibodi yako ya mpira haiendi hivyo. Pale kikombe cha mpira lazima kisinyae na kugusa chini ndipo herufi itoke, kwa hiyo vidole vyako vimezoea kugonga sakafu kila mara. Siku za mwanzo kwenye mekanika utaendelea kugonga vivyo hivyo, na ndiyo maana wageni wengi hulalamika kelele na ncha za vidole kuuma. Mkono unajifunza wenyewe baada ya muda kwamba hauhitaji kufika chini, hasa ukiandika kwa utulivu. Hili nalo ni jambo ambalo maoni ya siku ya kwanza hayawezi kukuambia.

Nyekundu inateleza moja kwa moja bila kikwazo, na kwa Cherry inaandika kwa nguvu ya kama gramu 45. Kahawia ina kibonge kidogo kwenye ule mguu wa shina, kidole kinahisi mruko hafifu katikati ya njia. Buluu ina kipande cha pili juu ya shina kinachodondoka na kupiga "tik" makusudi kila unapobonyeza, ni nzito zaidi, na wanaoipenda wanaipenda kwa mlio huo. Kwa hiyo la buluu nimeshalijibu: mtoto mchanga na swichi ya buluu havilali chumba kimoja. Lakini usidhani nyekundu au kahawia ni kimya. Hazina ile "tik", ila kugonga chini na kurudi juu bado kuko, na usiku wa manane unasikika. Ziko swichi zenye vipande vya mpira laini kwenye shina kwa ajili ya kuzima mishindo yote miwili. Za Cherry zinaitwa MX Silent Red, na watengenezaji wengine wana za kwao. Wapenzi wa milio huzidharau, wanasema zimekufa. Wewe ndizo zinazokufaa. Na rangi zisikufunge sana: nyekundu, kahawia na buluu kwa kawaida hufuata desturi ya Cherry, lakini ukitoka hapo kila kiwanda kinapaka kinavyotaka, kwa hiyo soma aina ya swichi, usisome rangi.

Tahadhari moja kwa wewe unayeandika Kiswahili. A ndiyo herufi tunayoitumia kuliko zote, na iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu. Sishangai kwamba A ndiyo iliyogoma kwanza kwenye kibodi yako. Swichi nyepesi kupita kiasi, zile za gramu 35, zitakuandikia "aa" kila ukipumzisha kidole hicho. Kaa kwenye 45 hivi, na hutajuta.

Sasa twende kwenye ukubwa, ambako mimi naona kosa kubwa linakaribia kufanyika. Hiyo "asilimia 60" ni jina la mazoea. Kibodi kamili ya mpangilio wa Kimarekani ina vitufe 104. Ukiondoa kipande cha namba zinabaki 87. Ile ya asilimia 75 ina vitufe 80 na kitu, ya 65 ina 67 au 68, na ya 60 ina 61. Kwenye hiyo ya 61 hakuna mishale, hakuna mstari wa F1 hadi F12, hakuna Home, End wala Delete. Hazijapotea. Zimefichwa kwenye tabaka la pili: unashikilia kitufe cha Fn, na herufi nyingine inageuka mshale. Katika Vortex Pok3r, kwa mfano, Fn pamoja na I, J, K na L ndiyo mishale. F2 inakuwa Fn na 2.

Umbo hili lina wenyewe. Mwaka 1996 kampuni ya PFU ya Japani ilitoa Happy Hacking Keyboard, iliyobuniwa na Profesa Eiiti Wada, ikiwa na vitufe 60 tu na Ctrl mahali pa Caps Lock. Ilikusudiwa waandishi wa programu, watu ambao wengi wao huhariri kwa zana kama vi, ambamo H, J, K na L tayari zinafanya kazi ya mishale. Kwao mishale ni mzigo. Wacheza michezo ya kompyuta nao wanapenda kibodi ndogo kwa kuwa kipanya kinapata uwanja. Kwa hiyo ukimsikia mtu anaisifu asilimia 60, kwanza uulize anafanya kazi gani.

Wewe unafasiri. Fikiria unachokifanya mara nyingi kwa siku bila kukihesabu: unachagua maneno matatu nyuma ili uyafute, kwa Ctrl, Shift na mshale wa kushoto. Kwenye asilimia 60 hayo ni Ctrl, Shift, Fn na J kwa pamoja, vitufe vinne, na mikono yote miwili imetoka mahali pake. Kisha ingia Excel. F2 kuhariri kisanduku, F4 kukaza rejea kwa alama ya dola, Ctrl na mshale kurukia mwisho wa safu, Ctrl na Home kurudi mwanzo. Kila moja inaongezewa Fn. Halafu tarakimu za duka zima unaziandika kwa mstari wa juu, bila kipande cha namba. Siku ya kwanza utaona ni mchezo mzuri wa kujifunza. Mwisho wa mwezi, risiti zimejaa mezani na shemeji anauliza umefika wapi, hutaona mchezo.

Kabla ya kutoa hata senti, fanya jaribio ambalo halina gharama. Chukua kadibodi na gundi ya karatasi, ufunike kwenye kibodi yako ya sasa kila kitu ambacho asilimia 60 haina: mishale, mstari wa F, kipande cha namba, Home na wenzake. Kama unatumia Windows, programu ya bure ya Microsoft iitwayo PowerToys inaweza kukugeuzia Caps Lock iwe Ctrl, na kuweka mishale kwenye Alt ya kulia pamoja na I, J, K, L, ili uonje tabaka lenyewe. Kaa hivyo wiki nzima ya kazi, na wiki hiyo iwe ile ya kufunga hesabu. Utakachokibandua kwanza kwa hasira ndicho usichoweza kuishi bila yake.

Jingine ambalo limewaponza waandishi wengi wa Kiswahili wakibadilisha kibodi: wanaandika ng'ombe, inatoka "ngómbe", wanadhani kibodi ni mbovu. Kibodi haina kosa. Kibodi haitumi herufi, inatuma namba ya kitufe, na kompyuta ndiyo inayoamua herufi kulingana na mpangilio uliochaguliwa ndani yake. Kwenye mpangilio wa Windows uitwao United States-International, kile kitufe cha ng' kinangoja irabu inayofuata ili kiitie alama juu. Chagua United States ya kawaida, yamekwisha. Na ukizoea mpangilio wa Uingereza, ambako @ na alama za nukuu zimebadilishana mahali, ujue kompyuta itaendelea kuufuata huo hata kama juu ya vitufe vipya pamechapwa vya Kimarekani. Kwenye asilimia 60 kitufe cha ng' kiko mahali pake, karibu na Enta. Zile ndogo zaidi, za asilimia 40, mara nyingi hukipeleka kwenye tabaka, na mwandishi wa Kiswahili asizisogelee.

Hewa ya chumvi haitaiua upesi. Dhahabu kwenye vibati haishiki kutu, na hilo ni jambo la maana kwa mtu wa pwani. Vinavyoshambuliwa ni zile waya za chuma chini ya vitufe virefu, ambazo grisi inazilinda, na miguu ya swichi pale inapoingia kwenye bodi. Adui mkubwa ni vumbi la feni na chai ya maziwa. Ifunike kwa kitambaa usiku. Ikimwagikiwa, chomoa waya papo hapo, izime kama ina betri, igeuze juu chini, na usiijaribu mpaka ikauke kabisa, hata kama ni siku kadhaa. Kiwanda kinaposema swichi itabonyezwa mara milioni 100, kama Cherry wanavyosema kwa nyekundu yao, hesabu hiyo haina chai ndani.

Ubora hasa wa kibodi ya mekanika kwa mtu wa huku, nami naushangaa unavyotajwa kidogo, ni kwamba inatengenezeka. Ile yako ya mpira A ikifa, imekufa yote. Nunua yenye soketi, ambayo swichi unaichomoa kwa koleo dogo na kuchomeka nyingine bila solda. Ukikosa swichi ya akiba na A imegoma usiku una kazi ya kesho asubuhi, chomoa ya Q uiweke kwenye A; Kiswahili hakina kazi na Q. Hata ile isiyo na soketi, swichi ina miguu miwili tu ya umeme, na fundi simu yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kuibadilisha.

Kwa hiyo nikikujibu waziwazi: hiyo ya asilimia 60 iache, hata kama kila neno la sifa zake ni kweli. Tafuta ya asilimia 75, yenye mishale na mstari wa F, yenye soketi, vitufe vya PBT ambavyo having'ai upesi kwa jasho la vidole, na swichi zenye mpira wa kuzima mlio. Tofauti ya upana na ile uliyoitamani ni sentimita chache tu, na kipanya kitakuwa karibu karibu vile vile. Kama jaribio la kadibodi litaonyesha kwamba mstari wa F hukuugusa, ya 65 itatosha na ni ndogo zaidi. Kwa ajili ya hesabu, nunua kipande cha namba cha pembeni cha USB, si ghali, ukiweke upande wa kushoto au ukitoe mezani kabisa mpaka mwisho wa mwezi. Ya waya inatosha. Bluetooth ni bei ya ziada kwa mtu asiyehama meza. Taa za rangi hazina kazi ya kukufanyia. Na ukipata ya namna hiyo dukani hapo Mombasa au Nairobi, hata kama ni ghali kidogo kuliko ya kuagiza, ilipie hiyo: utaishika, utakibonyeza kitufe cha nafasi mara tatu kama nilivyokuambia, na ikileta shida una mlango wa kubisha.

Ikifika, usianze kwa kurekodi mlio wake. Fungua ukurasa mtupu, ubonyeze kila kitufe polepole mara kadhaa. Herufi isiyotoka kabisa kwenye kibodi yenye soketi, mara nyingi ni mguu wa swichi uliojikunja wakati wa kuchomekwa: ichomoe, unyooshe mguu kwa kibano, uirudishe ikiwa wima. Inayotoka mara mbili kwa mbonyezo mmoja, badilishana swichi hiyo na ya jirani. Tatizo likihama na swichi, tupa swichi. Likibaki pale pale, soketi au bodi ndiyo yenye kasoro, na hapo usiguse kitu kingine: irudishe dukani kama muda wa kurudisha haujapita, au umpelekee fundi mwenye solda akiwa na maelezo yako ya kitufe gani na linatokea lini.